Mstari Mwekundu Alioruka Neža

"Wewe unayesifiwa Kiingereza shuleni, hapa wanasemaje?"

Ndivyo jirani yetu Lovrenc alivyomwuliza mjukuu wangu Neža, Ijumaa moja tukiwa jikoni tunamenya viazi. Mkononi alishika pakiti ya dawa ya nyuki aliyotumiwa na mwanawe Jernej kutoka Ayalandi. Asali ya mwisho ilikuwa imekwisha kurinwa, na Agosti ndio mwezi wa kuwatibu nyuki dhidi ya utitiri, wadudu wadogo wanaowanyonya.

Neža, mwenye miaka kumi na miwili, alifuta mikono kwenye aproni akaanza kusoma, kila neno akilitafutia mwenzake wa Kislovenia. "Vaa glavu. Weka kipande kimoja juu ya masega. Funika."

"Na huu mstari mwekundu?"

Nilimwona akisita. Macho yalikwenda kwenye kamusi yake pale rafuni, kisha yakarudi.

"Hapo wanakushukuru tu kwa kununua, mjomba."

Lovrenc akacheka. "Watu wa adabu hao. Hata mwanangu hanishukuru hivyo."

"Na lugha yao rahisi," Neža akaongeza kwa maringo. "Mtu, nyuki, nzi, wote wana neno moja la kufa."

"Lugha gani hiyo? Kwetu nyuki hafi kama nzi. Nyuki hufariki, kama Mkristo."

Jumamosi, dawa ikiwa tayari mizingani mwa Lovrenc, jua liliwaka hata paka akakimbilia chini ya kabati. Neža hakupaka asali kwenye mkate wake. Kamusi haikuwa rafuni tena. Niliikuta chini ya mto wake nilipotandika kitanda. Sikumwuliza. Nilimwombea tu, nikangoja aseme mwenyewe.

Jumapili, baada ya misa, tulikuwa tunakula supu ya tambi Lovrenc alipoingia bila kubisha. Kofia ya wavu ilikuwa mkononi.

"Mizinga miwili imekwisha, jirani," aliniambia. "Nyuki wamelala mlangoni kama kahawa iliyomwagika. Mwanangu amenitumia sumu. Nimempigia simu nikamwambia Krismasi asije. Asije kabisa."

Nikamkaribisha supu. Akakataa kwa kichwa.

Neža aliweka kijiko chini. Uso wake ulikuwa mweupe kama kitambaa cha meza.

"Mjomba, Jernej hana kosa. Ule mstari mwekundu sikuuelewa. Kulikuwa na maneno matatu siyajui. Niliogopa utaniona mjinga, nikasema wanakushukuru."

"Wanasemaje, basi?"

"Usiiweke siku za joto kali. Joto likizidi, itoe upesi."

Lovrenc alikaa kwenye benchi polepole.

"Umelijua lini hilo?" nikauliza.

"Jana asubuhi, Bibi. Nilitafuta kwenye kamusi."

"Jana asubuhi walikuwa hai," akasema Lovrenc.

Hakupaza sauti. Heri angefoka. Neža alianza kulia bila kujifuta. "Wamefariki kwa sababu yangu," akasema, na mimi nikasikia neno alilolichagua.

Nikamshika bega. "Sikiliza, mwanangu. Kutojua neno si dhambi. Mimi mwenyewe nimeishia shule ya msingi, kila siku nauliza. Lakini ulipojaza pengo kwa uongo, mtu alikuamini akaenda kutenda. Na ulipoujua ukweli ukaulaza chini ya mto, ukweli haukumsaidia mtu. Jana ungesikia aibu kidogo tu. Leo unaona gharama yake."

Mizinga sita iliyobaki ilikuja kupona, na Krismasi ile Jernej alikula keki yenye kokwa za jozi mezani kwetu. Lakini saa ile hatukuyajua hayo. Tulijua tu kwamba dawa bado imo mizingani na joto linapanda.

Lovrenc aliinuka. "Jernej nitamwomba radhi mimi. Dawa tutaitoa sasa hivi, wewe na mimi. Ila nyuki utawaambia wewe."

Kwetu, mwenye nyumba akifariki, mtu hugonga mzinga akawaarifu nyuki. Hawafichwi jambo. Neža alilijua hilo tangu utotoni.

Alinitazama, labda akitumaini nitamwokoa. Nikaivuta sahani yake ya supu, nikaifunika isipoe.

Akajifuta uso kwa mkono, akaipokea kofia ya wavu kutoka kwa Lovrenc, akatoka kuelekea mizingani.