Mafuta ya Kuoshea Brashi

Kengele ya saa tisa na nusu ilipogongwa, wasichana wa darasa la sita walibaki uwanjani wakicheza rede. Rhobi hakubaki. Kila siku, kabla wenzake hawajagawana timu, yeye alikuwa ameshafika nusu ya njia ya kwenda kwao Makoko, mkoba ukimpigapiga mgongoni. Nyumbani alisubiriwa na ndoo za kujaza maji, vyombo vya mchana na mdogo wake Stellah, mtoto wa miaka miwili na nusu. Mama Baltazar, jirani yao, alimwangalia Stellah tangu asubuhi na kumkabidhi kwa dada yake alasiri. Baba yao alifanya kazi Buhemba na alirudi mwisho wa mwezi. Mama yao alishinda mwaloni, kwenye ufukwe wa ziwa, akianika dagaa mpaka jua lizame.

Lakini Alhamisi hiyo Rhobi hakukimbia. Alitembea taratibu, amekumbatia ubao mwembamba aliouviringishia gunia, akigeuka nyuma kila hatua chache. Ndani ya mkoba, katikati ya madaftari, kulikuwa na makopo matatu ya rangi, brashi mbili na chupa ya maji ya kunywa. Chupa hiyo haikuwa na maji. Ilikuwa na mafuta ya taa, na Rhobi alikuwa ameyachukua stoo bila ruhusa.

Mambo yalianza wiki iliyotangulia. Mwalimu Machage, aliyefundisha michoro, alimkuta Rhobi akichora mnandi kwa kipande cha mkaa kwenye ukuta wa nyuma wa darasa. Rhobi alidhani atachapwa. Mwalimu alisimama, akawatazama wale ndege weusi waliotandaza mabawa juu ya mawe ya ziwani, akasema, "Mahafali ya darasa la saba ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nichoree hawa kwenye ubao, tuwatundike mbele ya wageni. Rangi iliyobaki ya kupakia madarasa ipo. Utachorea hapa shuleni, baada ya vipindi. Na unisikilize vizuri: mafuta ya taa ya kuoshea brashi hayatoki stoo."

"Ndiyo, mwalimu," Rhobi aliitikia. Usiku ule furaha ilimnyima usingizi.

Kumbe kuahidi ni rahisi kuliko kupata nafasi. Jumatatu mvua ilitisha, akaitwa mwaloni kusaidia kukusanya dagaa. Jumanne bomba la mtaani lilikauka, akaenda ziwani safari nne na ndoo kichwani. Jumatano Stellah alikuwa na mafua na hakutaka kushuka mgongoni. Ikabaki siku moja na nusu, na kwenye ubao kulikuwa na ndege mmoja tu, tena asiye na miguu. Ndipo Rhobi alipojiambia kwamba, kama hawezi kubaki shuleni, basi kazi itamfuata nyumbani.

Alipofika alimchukua Stellah kwa Mama Baltazar, akajaza maji mbiombio, vyombo akaviacha. Alikaa nyuma ya jiko, mahali ambapo mpita njia asingemwona, akaegemeza ubao ukutani na kufungua makopo. Stellah alichezea mawe karibu naye. Jua lilikuwa bado kali.

Rhobi alipochovya brashi, hofu yote aliyotembea nayo njiani ilimtoka. Aliweka weusi wa bawa, kisha weupe mwembamba wa mwanga kwenye mdomo. Ndege wa pili akatokea. Wa tatu akaanza kutokea.

"Dada, maji," Stellah alisema.

"Subiri kidogo."

"Dada, maji!"

"Nimesema subiri, Stellah. Namalizia shingo."

Mara ya tatu Rhobi hakujibu kabisa. Alikuwa amekaza macho kwenye ncha ya brashi.

Kilichomgutusha ni kikohozi. Hakikuwa cha mafua. Kilikuwa kikohozi cha kukaba, kikavu, kisichompa mtoto nafasi ya kuvuta pumzi. Rhobi aligeuka. Chupa ilikuwa imelala chini bila kizibo, na mafuta yalikuwa yakitiririka kwenye udongo. Kidevu cha Stellah kililowa. Macho yalikuwa yamemtoka, yamejaa machozi.

Kitu cha kwanza Rhobi alichofanya, na baadaye kilimuumiza kuliko vyote, hakikuwa kumbeba mdogo wake. Aliiokota chupa akaisukumiza chini ya rundo la kuni.

"We Rhobi! Mtoto ana nini?" Mama Baltazar alikuwa ameshafika, mikono imejaa unga.

"Amekwamwa… amekwamwa na mwiba," Rhobi alisema. "Mwiba wa sato."

"Mbona pananuka mafuta ya taa?"

"Nilikuwa nataka kuwasha jiko."

Uongo wa kwanza ulizaa wa pili kabla haujakauka mdomoni. Mama Baltazar hakuwa na muda wa kupeleleza. Alikimbia kwake akarudi na tonge la ugali. "Mwiba tunashushaga na tonge," alisema, akamlisha Stellah kwa nguvu. Mtoto akalimeza nusu, akalitapika lote, na baada ya kutapika akazidi kukohoa. Mbavu zake zilianza kuingia na kutoka kama za kondoo aliyefukuzwa.

"Hapa si pa tonge tena," Mama Baltazar alisema. Alimfunga mgongoni, akampigia simu mama yao huku akikimbilia zahanati. Rhobi alimfuata nyuma. Njia ile aliijua kwa macho yaliyofumbwa, lakini siku hiyo haikuwa na mwisho.

Tabibu wa zahanati, Clementi, alimlaza Stellah kitandani, akamulika koo kwa tochi, akatazama huku na huku. "Mwiba siuoni," alisema. "Na mtu mwenye mwiba hapumui hivi. Nani alikuwa na mtoto?"

Wote wakamtazama Rhobi. Wakati huohuo mama yake aliingia, peku, magamba ya dagaa yakimng'aa mikononi. Alishika kitanda kwa mikono miwili, akamtazama mwanawe anavyohangaika.

Rhobi aliogopa vitu vingi kwa wakati mmoja. Aliiona fimbo. Aliliona jina lake likiitwa mstarini mbele ya shule nzima, mwizi wa stoo. Aliwaona mnandi wake wakitupwa jalalani. Akamwona pia Stellah, pua zikipanuka, midomo ikianza kupoteza rangi yake, na akajua kwamba hofu zile nyingine zote zilikuwa ndogo.

"Siyo mwiba," alisema kwa sauti ndogo.

"Umesemaje?" tabibu aliuliza.

"Siyo mwiba! Amekunywa mafuta ya taa. Nilidanganya. Ni mafuta yangu ya kuoshea brashi, niliyaweka kwenye chupa ya maji. Aliniomba maji, mimi nilikuwa nachora."

Mama Baltazar alijishika kichwa. Rhobi alikunja shingo akingoja kofi, lakini kofi halikuja. Tabibu Clementi alikuwa ameshainama mbele yake, uso kwa uso.

"Sikiliza, binti. Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Labda nusu saa."

"Kiasi gani?"

"Sijui. Mengi yalimwagika. Chupa ipo nyumbani."

"Ametapika?"

"Ndiyo," Mama Baltazar alidakia. "Mimi nilimlisha ugali, akatapika. Nilijua ni mwiba!"

Tabibu akatikisa kichwa. "Mafuta ya taa hayatapishwi, mama. Hatumpi maziwa, hatumpi tonge, hatumtii kidole kooni. Yakirudi juu huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua." Alimvua Stellah gauni lililolowa mafuta, akamfuta, akamwinua akae wima. Kisha akaita muuguzi apige simu hospitali ya mjini waandae oksijeni. "Na wewe," alimwambia Rhobi, "kimbia ukalete hiyo chupa. Wenzangu wataihitaji."

Rhobi hakuwahi kukimbia namna ile. Alipochomoa chupa chini ya kuni, alikuta robo yake imebaki. Aliirudisha ameikumbatia kifuani, mbele ya macho ya majirani wote, wala hakujali tena nani anaiona.

Walikwenda mjini kwa bajaji pamoja na Mama Baltazar, Stellah akiwa mapajani mwa mama. Hospitalini mlango ulifungwa, wakabaki kwenye benchi. Rhobi alihesabu vikohozi vilivyosikika kutoka ndani. Vilipopungua alifurahi, kisha akaogopa zaidi, maana hakujua kama vimepungua kwa sababu ya nafuu au kwa sababu nyingine. Kabla ya giza muuguzi alitoka, akasema mtoto anapumua kwa msaada wa oksijeni na kwamba lazima alazwe aangaliwe. Mama alibaki naye. Rhobi alirudi Makoko na Mama Baltazar, akasali mpaka usingizi ukamchukua.

Ijumaa asubuhi alimkuta Stellah amekaa kitandani, amechoka, sauti imekwaruza, akidai chai. Rhobi alilia mbele ya wagonjwa wote bila aibu.

Mama alimtoa nje kwenye baraza. "Kwa nini hukuniambia kwamba unataka nafasi ya kuchora?"

"Niliogopa utasema nina kazi."

"Ningesema hivyo, kweli," mama alikiri. "Ningefoka. Halafu ningekaa nikafikiri. Sasa wewe hukunipa hata hiyo nafasi ya kufikiri."

"Nisamehe, mama. Sitachora tena."

"Nani kakwambia usichore?" Mama alimgeuza amtazame. "Uliiba muda, ukaiba mafuta, ukaiba hata ukweli tuliouhitaji. Hayo ndiyo makosa. Kuchora si kosa."

Mama Baltazar, aliyeleta uji, aliwasikia. "Na mimi nina kosa langu," alisema. "Nilishindilia tonge kabla ya kuuliza mara mbili. Kuanzia wiki ijayo, kila Jumamosi mchana Stellah atakaa kwangu. Huyu aende shuleni achore mpaka saa kumi na moja."

Jumamosi mahafali yalifanyika bila ubao wa mnandi. Mbele ya wageni kulikuwa na maua ya karatasi tu. Jumatatu alikwenda ofisini na mama yake, akarudisha makopo, akaeleza kila kitu tangu mwanzo, hata pale alipoificha chupa. Mwalimu Machage alisikiliza hadi mwisho. Alimpa adhabu ya kufagia stoo wiki nzima, kisha akasema kuwa yeye naye alikosea kuiacha bila kufuli, na kwamba kuanzia Jumamosi atakuwapo mwenyewe Rhobi anapochora.

Walipokuwa wakiaga, mwalimu alimwita tena.

"Rhobi, kitu unachokipenda kitafutie muda mchana kweupe, kwa kuwaomba wenzako. Ukikitafutia muda kwa kujificha, utakuja kuficha na mambo mengine. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Juzi kilibakiza hatua chache, na aliyekirudisha nyuma ni wewe, uliposema kweli huku unatetemeka. Hakuna aliyekwambia usiogope. Ogopa, lakini sema."

"Nitasema, mwalimu," Rhobi alijibu, na mara hii alijua anaahidi nini.