Mdomo wa Kushoto

Plagi ya kushoto ya pikipiki ilitoka nyeupe. Nyeupe pe, kama iliyolambwa. Noreen Gulzari aliigeuzageuza juani, akailinganisha na ya kulia, iliyokuwa na rangi ya biskuti, rangi ambayo fundi yeyote akiiona hutabasamu.

"Ina njaa," alimwambia binti yake, Tess. "Upande huu unavuta hewa nyingi, petroli haiutoshi."

"Si uuongezee basi, Mama. Ubahili wa nini?"

Pikipiki ilikuwa ya mwaka sabini na nne, na Tess hakuwa hata amefikiriwa ilipotoka kiwandani. Noreen alikuwa ameng'oa boksi la kuchuja hewa, akafunga kabureta mbili kubwa zenye midomo wazi ya alumini, mithili ya tarumbeta. Alitaka kumwona Tess, mtoto wake wa pekee, akivuka kilomita mia mbili kwa saa juu ya sakafu ngumu ya ziwa lile la chumvi lililokauka. Walikuwa wameendesha siku nzima kutoka Port Augusta kwa ajili hiyo tu.

Jioni zote, katika kambi ya mashindano kando ya ziwa, watu huziba midomo ya kabureta kwa vitambaa, chumvi isiingie. Noreen aliziba kwa sababu nyingine. Bibi yake, Ruqiya, alizaliwa Marree, kitongoji cha jangwani, kwa baba mwenye ngamia, na maisha yake yote hakuacha chombo wazi, kiwe birika, mtungi au kikombe. Jangwani kuna wenyewe, alikuwa akisema, na chombo kilicho wazi wanakihesabu ni mlango. Kwa hiyo Noreen alitia kitambaa cha buluu kulia na chekundu kushoto, na kila kimoja alikisomea bismillahi. Tess alimcheka, lakini kwa upendo.

Noreen akabadilisha jeti ya kushoto, kile kipande cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli, akaweka yenye tundu pana zaidi. Tess akaenda, akarudi. Plagi nyeupe. Akaweka pana kuliko hiyo. Nyeupe. Mara ya tatu alilipekecha tundu kwa mkono wake mwenyewe mpaka likawa la aibu.

"Bibie, sasa si umfungie bomba la zimamoto tu?" alitania Clem Hutchins, jirani yao wa hema, mzee wa masharubu ya manjano.

"Nyamaza, Clem. Kwa petroli hii ilipaswa kuwa nyeusi tii, inatoa moshi. Inakunywa yote, na bado ina njaa."

Aliinama asikilize. Injini ilikuwa imezimwa nusu saa nzima, imepoa, unaweza kuilalia. Lakini kwenye mdomo wa kushoto kulikuwa na sauti ndogo ya kuvuta, ndefu, isiyorudi nje. Palinuka maji ya chumvi yaliyooza na nywele zilizoungua. Akasogeza karatasi aliyoandikia vipimo. Karatasi ikaruka mkononi mwake, ikaganda kwenye tarumbeta pa!

"Upepo," alisema Noreen, na bendera zote za kambi zilikuwa zimelala. Hapo ndipo ninapomlaumu. Fundi akishaitaka namba yake, hujidanganya upesi kuliko mtoto. Aliibandua karatasi kwa nguvu, akaifunga plagi, akamwambia Tess akapange foleni ya mbio.

Yeye alirudi hemani kutafuta chai. Sufuria ya mchuzi wa jana ilikuwa juu ya jiko, na mfuniko wake ulikuwa umeshikizwa na kitambaa chekundu.

"Clem." Noreen alikichomoa. "Hiki kimefikaje hapa?"

"Si binti yako? Jana anapakua, sufuria inamuunguza, akakichomoa pale kwenye pikipiki. Nikamwambia rudisha, mamako atakuchuna ngozi. Akasema atarudisha. Asubuhi akawahi kuamka, akakitoa kile cha buluu, nikajua mmeshamaliza."

"Kwa hiyo ulilala wazi. Usiku kucha."

"Mdomo mmoja tu, bibie. Kwani nini?"

Noreen alikimbia. Alikuwa ameshaingia kwenye pikapu, na huko mbele Tess alikuwa ameshaondoka.

Mwisho wa njia waendeshaji hukata moto na kuiacha pikipiki iserereke. Tess hakuserereka. Noreen alimkuta nje kabisa ya alama za mwisho, anazunguka, duara moja pana juu ya weupe usio na mti wala kilima, injini inalia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitengeneza, na ile kamba ya kukatia moto, ambayo kila mpanda pikipiki hufungwa mkononi ili akianguka injini ife, ilikuwa imeshachomoka, inapepea kwenye kiganja cha mwanawe, na bado injini haikufa.

Akaendesha sambamba naye, dirisha chini.

"Nimefunga petroli!" Tess alipiga kelele ndani ya helmeti. "Klachi haiachii! Mama, haisimami! Inanizungusha! Naruka!"

"Usiruke! Utavunjika shingo!" Noreen alikuwa analia na hakujua kama analia. "Ziba mdomo wake! Wa kushoto! Kwa kiganja!"

Tess akainama, akabandika kiganja. Injini ikakoroma, ikajikunja, ikapaliwa, ikazidi kupaliwa, ikasimama. Pikipiki ikaserereka mpaka ikatulia, na Noreen akashuka garini mbio.

"Mkono hautoki," Tess alinong'ona. "Mama, unavutwa. Kuna ulimi."

Noreen akamshika mabega, akasoma kila alichofundishwa na bibi yake, na alichokisahau akakirudia kwa kuomba: toka, wewe uliyeingia bila kukaribishwa, toka ulikopitia, urudi kwenye chumvi yako, mtoto huyu ni wangu, sina mwingine. Chuma kikaanza kutetemeka. Kiganja kikalegea.

"Geuza uso!" alisema haraka. "Funga mdomo, geuza uso!"

Masikio ya Tess yalikuwa bado yamejaa mlio. Akainua kioo cha helmeti. "Unasemaje?" akauliza, na kabureta ikamkoholea usoni.

Basi. Hewa ya uvuguvugu, harufu ile, kisha hakuna kitu. Tess alitema, akacheka, akakaa chini juu ya chumvi akitazama kiganja chake chenye duara jekundu. Noreen akaifungua plagi ya kushoto. Ilikuwa rangi ya biskuti. Aliibusu, mbele ya Clem aliyekuja mbio na gari lake, akambusu na mwanawe, akasema imetoka, alhamdulillahi, imetoka.

Jua lilipoinama walipasha mchuzi. Tess alikula sahani yake, akala ya mama yake. Akakwangua sufuria kwa mkate, mkate wote, kisha akamgeukia Clem na kumuuliza kwa adabu kama ana chochote.

"Huyu leo ana minyoo," Clem alicheka.

Noreen hakucheka. Alikuwa akisikiliza. Binti yake alikuwa akivuta pumzi, ndefu, polepole, na Noreen alingoja aitoe, akangoja, akangoja, na chai ikapoa kikombeni.

"Tess, mwanangu. Hebu fungua mdomo nione."

"Bado nina njaa, Mama," Tess alisema, akaufungua.

Ulimi ulikuwa mweupe pe, kama uliolambwa. Noreen aliuinamia kama alivyozoea kuziinamia plagi, na nywele zilizomwangukia usoni zikaanza kujivuta mbele, taratibu, kuelekea mdomo wa mtoto wake. Kitambaa chekundu kilikuwa mkononi mwake, na hakujua akiweke wapi.