Kibanda Ambacho Ugbad Alikataa Kufungua

Adhuhuri moja huko Hadado, kengele ya ngamia ililia nyuma ya kibanda cha Ugbad. Na ngamia wote walikuwa malishoni, mbali hata tai akifika huko anaomba lifti ya kurudi.

Jua la Hadado, bana, linachemsha yai ndani ya kuku. Saa hiyo hakuna mtu anatembea. Lakini kengele ililia, harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi ikaingia, kisha sauti: "Ugbad, uko?"

Ilikuwa ya Kulow, mume wake. Kulow walimzika kabla ya mvua.

Kwao, mtu akifa kibanda chake kinafunguliwa, fito na mikeka inapakiwa juu ya ngamia, watu wanahama. Ugbad alikataa. Kichwa chake kingevunja mawe ya kujenga Wajir yote. "Nikifungua, Kulow atakaa wapi?" Jamaa wakahama, akabaki yeye na upepo.

Kila adhuhuri akaongea na ile sauti, akasahau kula, akakonda mpaka kivuli chake kikawa kinene kuliko yeye.

Binti yake Barwaqo akaja na gari kutoka Garissa, pamoja na Sheikh Shuaib, rafiki wa Kulow tangu utoto.

"Hooyo, mama yangu, unaongea na nani?" Barwaqo akanong'ona.

"Baba yako. Shusha sauti, ataona haya."

Sheikh akasikiliza, ndevu zikasimama. "Huyo si Kulow. Jini anapenda kitu kilichogoma kuhama. Fungua kibanda kwa mkono wako, mama, ama atakumaliza."

Ugbad akashika kamba ya kwanza, Sheikh akisoma Ayatul Kursi, na sauti ikabembeleza, Ugbad wangu usinitupe, halafu ikalia kama mtoto, halafu ikanguruma kama malori elfu yamekwama kwenye matope ya Bute, na mikeka ikavimba na kushuka kama mbavu za mnyama, na ile harufu ya maziwa ikawa ya nywele zinazoungua, na yeye analia anafungua, analia anafungua, mpaka fito ya mwisho ikaanguka.

Sauti ikakatika.

Palibaki duara la mchanga laini, na upepo ukaanza kulifuta wakiangalia.

Ndani ya gari Ugbad akamshika binti yake mkono. "Baba yako alikuwa ananiita vipi? Ile sauti yake?"

"Alikuwa anasema..." Barwaqo akafungua mdomo. Akajaribu tena. "Sheikh, wewe sema."

Sheikh akakohoa, akatafuta, akatafuta. Sauti ya Kulow ilienda na jini; hakuna mtu ndani ya gari alikuwa nayo tena.