Aliyeitangulia Ruta

Taa ya tundu la kwanza la modemu ilikuwa inawaka kijani, na waya wa ruta bado uko mkononi mwa Siniva.

Aliinama akaitazama vizuri. Nusu saa kabla alikuwa ameingia kwenye mipangilio ya modemu na kuiondolea kazi ya kulinda mlango, ili ibaki daraja tupu la kupitisha intaneti, na ulinzi wote uhamie kwenye ruta mpya aliyoituma kaka yake Iakopo kutoka Brisbane. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Lakini kabla hajachomeka ruta, mtungi mtupu wa gesi uliotundikwa kando ya kanisa kama kengele uligongwa, na vijana wa kijiji wakajipanga barabarani kuhakikisha kila nyumba imetulia kwa sala ya jioni. Siniva aliacha kila kitu kilivyo, akaketi mkekani na bibi yake Feagai na mdogo wake Lagi.

Modemu iliyofanywa daraja humpokea mmoja tu: wa kwanza kubisha hodi. Siniva alilijua hilo tangu chuoni. Sasa alichomeka ruta, ikakataliwa. Modemu ilikuwa na mgeni tayari.

"Mnasikia harufu ya mlangilangi?" Lagi aliuliza.

"Hapa hatuna mlangilangi," alisema Bibi Feagai. "Na wewe bana hizo nywele. Jua limezama."

Lagi alikuwa na miaka kumi na saba, na nywele zilimfika kiunoni. Akacheka. "Nani azitake hizi, Bibi? Zimejaa chawa wa kwaya."

Jioni ya pili hakucheka. Mtungi ulipogongwa hakuketi. Alisimama mbele ya rafu ya modemu, akafungua kibanio, akaanza kuchana nywele polepole, huku midomo yake ikiimba wimbo ambao hakuna aliyemfundisha. Siniva alichomoa waya wa umeme wa modemu. Taa ya kijani haikuzimika.

Siku ya tatu Lagi hakugusa majimbi, hakunywa hata maji. Bibi Feagai alimvuta Siniva jikoni.

"Wimbo ule naujua," alinong'ona. "Nilipokuwa mdogo, binti wa jirani aliuimba siku nne. Siku ya nne alimfuata yule pepo mwanamke wa kijitoni. Walimkuta majini, amekufa, nywele zimechanwa vizuri."

"Leo ni ya ngapi?"

"Tatu. Kamwite Fuatino."

Fuatino, mganga wa kijiji, alikuja kesho yake alasiri na majani mapana aliyoyachuma ukingoni mwa kijito. Alimpiga nayo Lagi mabegani, taratibu, kama anayepangusa vumbi.

"Bi mkubwa wa kijitoni," aliuliza, "umeingiaje humu?"

Sauti iliyotoka kinywani mwa Lagi ilikuwa ya mtu mzima asiye na haraka. "Mlango ulikuwa wazi, na mlinzi hayupo. Nikabisha. Nikapokewa."

Fuatino aligeuka. "Mlango gani huo?"

"Ni mimi, mama," alisema Siniva, akiona aibu zaidi kuliko hofu. "Niliuacha wazi wakati wa sala."

"Basi utaufunga wakati wa sala. Mimi nitamshika huku, wewe umzime kule."

"Na vijana wakiniona nafanya kazi saa ile?"

"Waje," alisema Bibi Feagai. "Waje kunitoza faini mimi, mwenye meno mawili."

Mtungi ukagongwa. Siniva alichomoa waya wa umeme, na taa ya kijani ikabaki inamtazama, na nyuma yake akasikia chanuo likipita kwenye nywele, likipita tena, na majani ya Fuatino yakipiga kwa kasi zaidi, na Bibi akiisoma sala peke yake kwa sauti inayotetemeka, na harufu ya mlangilangi ikajaa nyumba mpaka ikawa tamu kama kitu kinachooza, na vidole vilivyoloa vikamgusa shingoni, vikaanza kutafuta kibanio chake, naye hakugeuka, alihesabu tu, moja mpaka sitini, mpaka taa ikafifia, ikafa. Akachomeka ruta kwanza. Kisha umeme wa modemu.

Ruta ikapokelewa.

"Nina njaa," alisema Lagi kutoka sakafuni. "Nani kamaliza kakao?"

Bibi Feagai alilia na kucheka pamoja.

Siniva aliorodhesha vifaa vyote vilivyoungwa kwenye ruta: simu tatu, televisheni moja. Akahesabu tena. Kila jioni iliyofuata, mtungi ulipogongwa, ruta iliandika kwamba kitu kimoja kisicho na jina kimebisha mara moja, kikakataliwa. Jambo moja tu lilimkosesha usingizi. Alikuwa amezipima modemu na ruta kwa saa: umeme ukikatika na kurudi, modemu huamka kwa sekunde arobaini, ruta kwa tisini, na kwa sekunde hamsini mlango hubaki bila mlinzi. Betri ya akiba aliyomwagiza Iakopo ilikuwa bado njiani.

Jumamosi jioni umeme ulikatika. Wakaketi mkekani na taa ya mafuta. Mtungi ukagongwa, na katikati ya wimbo balbu zikawaka tena.

Siniva alinyanyuka akakimbilia rafuni. Modemu ilikuwa imeshawasha taa yake ya kijani. Ya ruta ilikuwa nyekundu.

Nyuma yake wimbo ulibaki na sauti mbili, ile ya Bibi na nyingine asiyoijua, na kibanio cha Lagi kikaanguka sakafuni.