Mama wa Kuazima

Katika mtaa wa Maringo, Nairobi, Nzomo alijulikana kwa mikate. Aliendesha gari la kiwanda cha mikate. Alitoka nyumbani alfajiri, akarudi alasiri nguo zake zikinukia mikate ya moto. Mke wake, Syombua, alisuka vyondo mlangoni huku akiwachunga watoto wadogo. Mtoto wao mkubwa alikuwa Ndanu. Alisoma kidato cha pili katika shule ya sekondari ya kutwa, si mbali na nyumbani. Alitaka kuwa muuguzi. Alianza kusema hivyo alipokuwa bado mdogo, na alikuwa akiwafunga bandeji za matambara wadogo zake wasioumwa popote.

Nzomo alimpenda binti yake, ila mapenzi yake yalikuwa na sauti kali. Kila muhula ulipofunguliwa alimwambia maneno yale yale.

"Ndanu, mimi shule yenu siijui na sitaki kuijua. Wewe soma. Siku nitaitwa huko, utafunga sanduku urudi Machakos kwa nyanya yako."

Usimlaumu upesi. Alikokulia Nzomo, mzazi aliitwa shuleni kwa sababu moja tu, kwamba mtoto amekosa. Baba yake mwenyewe aliitwa mara moja. Nzomo akachapwa mbele ya darasa, akachapwa tena njiani, na masomo yake yakaishia hapo. Kwake shule ilikuwa kama kituo cha polisi. Huendi huko kama huna kesi.

Basi siku moja, mwishoni mwa mwaka, Mwalimu Otiende alimsimamisha Ndanu darasani.

"Ndanu, mwambie mzazi wako aje tuzungumze Jumanne."

"Nimefanya nini, mwalimu?"

"Aje tu."

Kengele ikalia, mwalimu akachukua chaki zake akatoka. Hapo mwalimu naye alikosea, tuseme ukweli. Alitaka kuzungumza na mzazi juu ya masomo ya kidato cha tatu, basi. Neno moja zaidi lingetosha. Hakulisema, na Ndanu akaona sanduku.

Siku hiyo hakula chakula cha mchana. Alijiuliza amekosa nini, akakumbuka makosa yote aliyowahi kufanya na mengine ambayo hakufanya. Rafiki yake, msichana aliyeitwa Wangu, aliyekaa naye dawati moja, akamcheka.

"Si utafute mathe mwingine akusimamie? Watu hufanya hivyo kila siku. Walimu hawawajui wazazi wako. Watajuaje?"

Ni kweli wanafunzi wa Eastlands, mitaa ile ya mashariki mwa Nairobi, walikuwa na ujanja huo. Aliyeambiwa alete mzazi alimwendea mtu mzima yeyote mwenye huruma, akamwazima kuwa mjomba au mama kwa muda wa saa moja. Mwalimu aliridhika, nyumbani hawakujua, na mambo yakaisha. Hivyo ndivyo walivyodhani.

Ndanu alimfahamu Nthoki, mama aliyeuza vitunguu soko la Muthurwa. Kila Jumamosi alitumwa kwake na mama yake. Alipomweleza shida yake, Nthoki alitikisa kichwa.

"Huyo baba yako ni mkali namna gani? Haya. Nitakuja. Niambie mambo yako yote nisije nikaaibika."

Ndanu akamfundisha. Akamwambia anasoma kidato cha pili mkondo wa Mashariki. Akamwambia mwalimu wa darasa ni Otiende, somo analopenda ni bayolojia, somo linalomtesa ni jiografia, na anataka kuwa muuguzi. Nthoki alirudia kila neno huku akimenya vitunguu. Alikuwa mwanafunzi mzuri sana.

"Mwalimu akisema nimekosa, omba msamaha," Ndanu alimalizia. "Usibishane naye."

Jumanne Nthoki alikuja amevaa kitambaa kipya kichwani. Mwalimu Otiende alimpa kiti. Akamuuliza hili na lile juu ya Ndanu, naye akajibu yote bila kusita. Mwalimu alifurahi kumpata mzazi anayemfahamu mtoto wake hivyo.

"Sasa, mama," akasema, "Ndanu hana kosa lolote."

Ndanu alifurahi. Furaha hiyo haikudumu.

"Mwaka ujao wanafunzi wanagawanywa. Wako watakaochukua bayolojia na kemia. Wako watakaochukua upishi na ushonaji. Ndanu anaweza sayansi. Lakini ni kazi nyingi, atakuwa akibaki shuleni jioni. Hatutaki kuamua bila nyinyi. Nyumbani mnaonaje?"

Swali hilo Nthoki hakufundishwa. Alikuwa amejiandaa kuomba msamaha, na hakukuwa na kosa la kuombea. Akajikaza, akajifanya mama mkali.

"Mwalimu, msichana kubaki jioni si vizuri. Mpeleke upishi. Ajue jiko kwanza."

Mwalimu akamgeukia Ndanu. "Unakubaliana na mama?"

Angesema hapana, angeulizwa sababu, na kila kitu kingefichuka. Ndanu alitazama sakafu.

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya. Nitaandika hivyo. Orodha za madarasa zitafungwa Ijumaa."

Upishi si kitu kibaya. Wangu aliuchagua mwenyewe kwa furaha, alitaka kufungua hoteli. Lakini asiyesoma bayolojia hapokelewi chuo cha wauguzi, na Ndanu alilijua hilo. Jumatano hakula. Alhamisi alivunja kikombe, kisha akalia kupita kiasi kwa ajili ya kikombe. Syombua alimgusa paji la uso.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi, mwaitu," Ndanu alimjibu mama yake.

Siku hiyo hiyo baada ya shule, Syombua alikwenda mferejini kuchota maji. Akamkuta Wakiuru, mama yake Wangu. Walikaa mlango kwa mlango. Wakiuru alikuwa katika kamati ya wazazi wa shule ile, kwani kabla ya Wangu alikuwa amesomesha wavulana wawili hapo hapo.

"Mama Ndanu, mimi nimekukasirikia," Wakiuru alisema, akitabasamu. "Unaenda kwa Mwalimu Otiende na hata hunipitii twende pamoja."

"Nani ameenda?"

"Si wewe? Wangu ameniambia Ndanu anaingia darasa la upishi. Ati mama yake alikuja akasema hataki sayansi. Nikashangaa, kwa sababu huyu mtoto ni wa uuguzi."

Syombua akafunga mfereji. Ndoo ilikuwa haijajaa.

"Mama Wangu, mimi sijawahi kukanyaga shule hiyo."

Wakatazamana. Kisha Syombua akaiacha ndoo pale pale, akaenda nyumbani haraka, na Wakiuru akamfuata. Ndanu alipomwona mama yake mlangoni hakungoja kuulizwa. Alisimulia yote, kuanzia Mwalimu Otiende hadi Nthoki, na alipofika kwenye neno upishi hakuweza kuendelea. Wakati huo huo Nzomo aliingia kutoka kazini. Ikabidi asimulie tena.

Nzomo alisikiliza amesimama, kofia mkononi.

"Umeenda sokoni ukanunua mama," alisema mwishowe. "Mama yako amekufa?"

"Hapana, baba."

"Funga sanduku."

Hakuna aliyesogea. Syombua mwenyewe hakujua kama alikuwa na hasira au woga. Wakiuru ndiye aliyevuta kigoda akaketi bila kukaribishwa.

"Baba Ndanu, atafunga sanduku, sawa. Lakini orodha inafungwa kesho. Mtoto akienda Machakos leo, bayolojia yake imekwisha. Tuzungumze kwanza?"

"Tuzungumze nini? Amedanganya."

"Amedanganya, na ataadhibiwa. Nami nina wa kwangu wa kuuliza maswali, maana sauti ya Wangu naisikia katika ujanja huu. Lakini nikuulize wewe. Kwa nini aliogopa kukuambia unaitwa?"

Nzomo aliizungusha kofia mkononi.

"Unafikiri shule humwita mzazi akosewe heshima," Wakiuru aliendelea. "Zamani labda. Shule hii ina siku ya wazazi kila muhula. Unakaa na mwalimu wa kila somo, anakuonyesha kazi ya mtoto. Kuna maktaba, na wanaruhusiwa kubaki hapo jioni wakisoma, mwalimu yuko nao. Wavulana wangu walisoma huko, si hapa kwenye kelele. Kuna maabara ya sayansi. Kuna Bibi Andati, kazi yake ni kushauri watoto wachague masomo gani kwa kazi gani. Huyo hata mzazi anaweza kumwona."

"Bila kuitwa?" Syombua aliuliza.

"Bila kuitwa. Unaenda ofisini, unasema wewe ni mzazi wa fulani, unataka kumwona mwalimu wa darasa. Kama anafundisha unangoja. Ni haki yako, Mama Ndanu. Haki hiyo haikai bure. Usipoitumia wewe, itatumiwa na mama wa vitunguu."

Nzomo alikaa kitandani. Sauti yake ilipotoka haikuwa kali tena.

"Mimi niliishia darasa la nne. Nitawaambia nini walimu?"

"Hutafanya mtihani, Baba Ndanu. Mtihani ni wa huyu."

Hapo Wakiuru, pamoja na kujua kwake kote, alikosea kidogo.

Ijumaa asubuhi Nzomo aliomba ruhusa kazini, kitu ambacho hakuwahi kufanya ila kwa msiba. Yeye na Syombua walisimama mlangoni pa ofisi ya walimu. Kola ya shati ilimbana. Mwalimu Otiende aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Wazazi wa Ndanu? Mama Ndanu alikuja Jumanne."

"Yule hakuwa mama yake," Syombua alisema. "Mimi ndiye mama yake."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Watu waliokuja na hadithi zao aliwazoea.

"Samahani, lakini siwezi kubadilisha darasa la mtoto kwa neno la kila anayeingia. Ndanu yuko mkondo gani?"

Nzomo alimtazama Syombua. Syombua alimtazama Nzomo.

"Kidato cha pili," Nzomo alisema.

"Mkondo gani?"

Syombua alitikisa kichwa.

"Mwalimu wake wa bayolojia ni nani? Somo gani linampa shida?"

Nzomo alijua barabara zote za jiji, na kila duka lililopokea mkate. Somo linalomtesa binti yake hakulijua. Aliona aibu, aibu ya kweli, kubwa kuliko ile ya kuchapwa mbele ya darasa.

"Sijui, mwalimu," alisema.

Mwalimu Otiende akatuma Ndanu aitwe. Ndanu aliingia, akawaona wazazi wake wamesimama kama watoto waliochelewa, na moyo ukamuuma.

"Ndanu, hawa ni nani?"

"Ni baba na mama."

"Na yule wa Jumanne?"

"Ni mama wa sokoni, mwalimu. Nilimwomba."

"Yule alijua kila kitu juu yako. Hawa hawajui hata mkondo wako."

"Yule nilimfundisha," Ndanu alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Hawa sikuwafundisha. Niliogopa."

Mwalimu akavuta viti viwili.

"Kaeni, tafadhali. Mimi pia nilipaswa kusema kwa nini ninawaita. Sasa tuanze upya. Nyumbani mnaonaje?"

Syombua alifungua mdomo, lakini Nzomo alimtangulia. Hakumjibu mwalimu. Alimgeukia binti yake.

"Wewe unataka nini?"

"Bayolojia, baba."

"Na huku kubaki jioni?"

"Ni maktabani. Mwalimu yupo, na tunaondoka kabla ya giza."

"Basi aandikwe bayolojia," Nzomo alisema.

Ndanu aliandikwa. Kwa kudanganya, alipewa kazi ya kupiga deki maabara kila jioni hadi shule ilipofungwa, na Wangu akapewa ndoo ya pili. Jumamosi Syombua alikwenda Muthurwa mwenyewe. Nthoki alipomwona alianza kuomba radhi, lakini Syombua alinunua vitunguu vyake, akamwambia tu kwamba safari nyingine akiombwa na mtoto wa watu, amrudishe kwao.

Muhula wa kwanza wa kidato cha tatu, siku ya wazazi ilifika. Nzomo na Syombua walikwenda. Waliona daftari za Ndanu, wakaona maabara, na Syombua akachungulia katika hadubini akaona ngozi ya jani ina vyumba vidogo vidogo kama mtaa wa Maringo. Jiografia ilikuwa bado mbaya. Mwalimu aliwaonyesha jinsi ya kumpa nafasi ya kusoma ramani nyumbani, hata kama meza ni moja.

Kisha wakamwona Bibi Andati, mshauri. Nzomo alimuuliza chuo cha wauguzi kinataka nini. Bibi Andati alimweleza. Nzomo hakuelewa yote, akaomba aelezwe tena. Akaelezwa. Akaomba mara ya tatu, bila aibu, huku wazazi wengine wakingoja nyuma yake.

Walipokuwa wakirudi nyumbani kwa miguu, Nzomo alianza kumweleza Ndanu. Akamwambia masomo yanayotakiwa. Akamwambia bayolojia peke yake haitoshi, Kiingereza nacho ni lazima. Akamwambia lini huombwa nafasi, na mahojiano huwa ya namna gani. Alieleza polepole, akirudi nyuma palipomkanganya, akiinua kidole kila alipofika jambo kubwa.

Ndanu alikuwa akiyajua yote hayo tangu kidato cha kwanza. Hakumkatiza. Alitembea kando yake, akiitikia ndiyo baba, ndiyo baba, akamwacha amfundishe mpaka mlangoni.