Maji ya Moto Nyuma ya Karakana

Siku ya Jumatatu, tarehe 6 Novemba 1989, yapata saa sita na robo mchana, fundi Faki bin Mbwana alimsikia mtoto mchanga akilia nyuma ya karakana yake ya Mishomoroni, kando ya mkono wa bahari. Kilio kilikuwa kifupi, mithili ya kilichozibwa kwa kiganja. Akachungulia. Hapakuwa na mtu wala paka. Palikuwa na ardhi iliyolowa ikifuka mvuke, pale alipotoka kumwaga sufuria ya maji yaliyochemka.

Maji hayo yalikuwa ya kazi. Phineas, mtu wa bara aliyekuwa na boti ya kutembeza wageni wa mahoteli ya Shanzu, alimletea injini ya mwaka 1977 iliyowaka vyema ikiwa baridi na kuzimika kila ilipopata moto. Faki alishuku sensa, kile kidude mfano wa kokwa ya tende kinachokaa chini ya gurudumu la injini na kuiambia plagi wakati wa kutoa cheche. Akaing'oa, akaiunga na waya za mita ya kupimia umeme, akaitumbukiza katika maji ya moto. Mshale wa mita ukaanguka. Sensa ilikuwa imekufa.

"Fundi, hiyo supu yako haijaiva?" Phineas alimtania. "Ongeza pilipili tule, nina safari."

Faki alicheka, na katika kucheka huko akayamwaga maji. Ama Mswahili yeyote aliyelelewa akaleleka anajua kwamba maji ya moto hayamwagwi jua likiwa utosini bila ya kutaja bismillahi na kuwaambia wasioonekana, "Tupisheni." Faki alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Siku hiyo kicheko kiliutangulia ulimi.

Sensa mpya ikafungwa. Injini ikanguruma, ikapata moto, isizimike. Boti ikaenda zake Shanzu.

Jumanne, saa nne asubuhi, Mwanasaumu mkewe Faki alikuwa akimnyonyesha binti yao Kafedha, mtoto wa miezi minane, mara mtoto akaliachia ziwa na kupiga ukelele. Unyayo wake ulikuwa umefura lengelenge, na jiko lilikuwa halijawashwa. Adhuhuri kilio kikakoma. Jumatano, saa nne ile ile, likatoka lengelenge la pili gotini, na chumba kizima kikanuka nywele zilizoungua. Hospitalini walitoa mafuta ya kupaka, wakamtazama Mwanasaumu kwa jicho la kumshuku.

Alhamisi jioni Phineas alirudi, safari hii bila mzaha.

"Fundi, wageni wangu wamekataa kupanda."

"Injini imezimika?"

"Ingezimika ningeshukuru. Kila siku saa nne ninapoiwasha, ikishapata moto, kuna mtoto analia mle ndani." Akateremsha sauti. "Chini ya kifuniko, Faki. Analia kama anayechunwa ngozi. Mpaka saa sita ninapoizima."

Faki alikikumbuka kilio cha Jumatatu, akalinganisha saa za boti na saa za Kafedha. Aliing'oa ile sensa mpya, akaiweka juu ya meza ya karakana, akajiambia kuwa injini isipowaka mwanawe hataungua. Na Ijumaa, tarehe 10, alikaa akiitazama tangu alfajiri, na ilipotimu saa nne ile sensa, isiyokuwa na waya wala injini, ikaanza kufuka moshi mwembamba, ubao uliokuwa chini yake ukageuka mweusi, ikatoka harufu ile ile ya nywele, na kutoka nyumbani kwake, nyumba ya tatu tu kutoka hapo, akausikia ukelele wa Kafedha.

Jumamosi asubuhi akaletwa Bi Mwanatatu kutoka Likoni, mganga mtu mzima aliyekwisha kuzungumza na wengi wasioonekana. Aliitikia shikamoo ya Faki, akamwangalia mtoto, kisha akamvuta baba kando.

"Umemuunguza mtoto wa mwenzio, mwanangu. Mamake anakuonyesha alichokiona yeye. Lengelenge moja kila siku, mahali pale pale lilipo kwa mwanawe. Likifika usoni hatuna letu tena."

"Leo limefika shingoni, Bi Mwanatatu."

"Basi saa sita tutamtaka radhi pale pale ulipomkosea. Sema umekosa, unyamaze. Usimwahidi kitu, umenisikia? Wale hawasahau neno."

Saa sita ikawakuta nyuma ya karakana, Faki na Bi Mwanatatu wamepiga magoti mbele ya chetezo cha udi, na Mwanasaumu yumo ndani ya karakana na mtoto, mlango umerudishwa. Na siku hiyo kilio cha Kafedha hakikukoma adhuhuri kama siku zote, bali kilizidi kupanda, na Faki akasema nimekosa, nilicheka nikasahau, nisamehe, akasema tena, na udi ukanuka nywele badala ya udi, na ardhi iliyokuwa kavu siku tano ikalowa chini ya magoti yake na kufuka mvuke, na kutoka ndani Mwanasaumu akasema kwa sauti iliyokauka, "Baba Kafedha, shavu linafura," na hapo Faki akasahau yote aliyoambiwa.

"Chochote kilicho changu chukua," alisema. "Chukua, mradi mwanangu asiungue tena."

Bi Mwanatatu alimziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikwisha kutoka.

Kilio kikakatika. Upepo baridi ukapita, na udi ukarudia harufu yake. Faki aliinamisha kichwa akilia kwa shukrani, kiganja cha Bi Mwanatatu kikiwa bado mdomoni mwake.

Mlango ukafunguliwa kidogo, na Mwanasaumu akasema kutoka ndani, akijifunga leso yake, sauti imejaa furaha:

"Ngozi yote imerudi, baba Kafedha, hata kovu hana. Bi Mwanatatu ana mikono ya heri, wallahi. Alipoingia humu akanipokea mtoto tu, akanyamaza."