Mwache Amalize

Siku ya Jumamosi jengo la wauza simu halina pa kukanyaga. Kila duka limefungulia muziki wake, na kila muuzaji anakuita "bosi" au "mrembo" kutegemea umevaa nini. Katikati ya fujo hiyo alisimama dada mmoja mwenye gauni la kijani lililomkaa sawasawa, kilemba cha rangi hiyohiyo, na simu iliyopasuka kioo.

"Samahani kaka, hiki kinatibika?"

Fundi alikuwa ameinama, bisibisi mkononi, mikono ya shati jeupe imekunjwa mpaka viwikoni. Hakuinua kichwa. Aliandika kwenye kipande cha karatasi, akakisukuma mbele: "Wewe ni yule wa redioni. Kipindi cha asubuhi."

Dada akacheka. Kutambuliwa alikuwa amezoea, lakini kwa sura. Redio siku hizi inaangaliwa! Studio ina kamera tatu, kipindi kinaingia kwenye simu za watu papo hapo, na mtangazaji ambaye zamani angeweza kwenda kazini na kandambili sasa anapaka wanja alfajiri. Huyu amemjua bila hata kumtazama.

"Mbona unaandika? Umeapa kutosema?"

Fundi akatabasamu, akaandika tena: "Kesho saa nane. Namba yangu hii."

Mtangazaji alikuwa mdadisi wa kuzaliwa, na kazi yake ikazidisha. Kesho yake alichukua simu, lakini swali lake halikujibiwa. Jioni akamwandikia.

"Bwana Kimya, kioo kinang'aa kuliko mimi."

"Si kweli. Nimekiangalia, na wewe nimekuangalia."

Kumbe! Kwa maandishi fundi alikuwa mtu mwingine kabisa, mtani, mwepesi wa jibu. Wiki ya pili walikwenda kunywa chai, na hapo ndipo alipoelewa. Fundi alitaka chai ya rangi. Alipofika kwenye "ya," neno likamkwama, na mhudumu akamsaidia: "Ya maziwa? Haya." Fundi akainywa hivyohivyo. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na maisha yake yote watu walikuwa wanammalizia maneno, mara nyingi kwa kukosea.

Walipendana. Miezi mitano simu ya mtangazaji ikajaa maandishi ya "mpenzi," "mama la mama," "umekula?" Siku moja akadeka: "Maneno yako ninayo, sauti yako sina. Nirekodie mara moja tu, niwe nayo."

"Nitafikiria," fundi akaandika.

Dada yake fundi, aliyeuza kava za simu meza ya pili, aliposikia akashika kiuno. "Wifi, mimi nimezaliwa naye tumbo moja na hajawahi kunipigia simu. Ukiipata, nigawie!"

Sasa sikilizeni kosa lilivyofanyika. Pale studio, ujumbe wote wa wasikilizaji, utoke mtandao gani, huangukia kwenye skrini moja mbele ya bwana mitambo, na mtangazaji naye huiona. Simu za mkononi haziruhusiwi ndani. Basi mtangazaji, ili asipitwe na maneno ya mpenzi wake akiwa hewani, aliunganisha namba yake mwenyewe na skrini hiyo. Hakumwambia mtu. Mapenzi hayana akili, nani asiyejua?

Asubuhi moja sauti ikaingia kupitia namba hiyo. Bwana mitambo akadhani ni msikilizaji, akabonyeza.

"M-m-mpenzi," fundi akasema hewani, mbele ya mji mzima. "Sauti hii si-sijampa mtu. Na-na-nakupa wewe."

Kikafuata kimya kirefu. Bwana mitambo akadhani ujumbe umekatika, akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzima.

"Mwache amalize!" mtangazaji akasema.

"Na si-siogopi," fundi akamaliza.

Mtangazaji alikuwa anatabasamu huku machozi yanamlenga. Kamera ikamnasa hivyo. Kufika mchana kipande hicho kilikuwa kimezunguka kila simu, ila kuna mjanja aliyekata ile sauti ya "mwache amalize" akaweka muziki wa vichekesho. Kigugumizi kikabaki, na lile tabasamu likabaki.

Fundi alikuwa amezima redio yake mara tu alipotuma, kwa aibu ya kumsikia mpenzi wake. Kipande hicho alionyeshwa na mteja aliyekuwa anacheka mpaka anashika meza. Fundi akaangalia mara moja tu. Akaandika: "Nilikupa wewe. Umegawa." Kisha akazima simu.

Siku tatu mtangazaji alipiga bila kupata. Ya nne akampigia dada mtu.

"Sijui kama nikuite wifi," yule dada akasema. "Mdogo wangu hali chakula. Ulimcheka?"

"Sikumcheka, wallahi. Kuunganisha namba ni kosa langu, nalikubali. Lakini nakutumia sauti ya redio kamili. Asitazame, asikilize tu."

"Na hao wanaocheka?"

"Wapo. Na wapo waliotuma sauti zao, wifi, zaidi ya mia mbili, wana kigugumizi kama yeye. Mama mmoja anasema mwanawe amejibu swali darasani kwa mara ya kwanza. Ni mtandao uleule, sijui niuite mzuri au mbaya."

Dada mtu akaenda kuilaza simu kifudifudi mbele ya mdogo wake. Fundi akasikiliza. Alipofika kwenye yale maneno yaliyokatwa na mjanja, akarudisha nyuma. Akasikiliza tena, na tena.

Jumamosi mtangazaji alipita kati ya maduka bila wanja, amevaa raba na gauni la kufulia. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Nilikuwa na sekunde mbili," alisema kabla ya salamu. "Nikukate, siri yako isiendelee kusikika, au nikuache useme. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Nisamehe."

Fundi akaweka bisibisi chini. "Nili-nilikasirika. Bado ki-kidogo." Akavuta pumzi. "Lakini ka-karibu kila mtu hunikata. Wewe hu-hukunikata. Na-namba uiondoe."

"Nimeshaiondoa, mpenzi wangu."

Akamvutia kiti. Akamshika mkono juu ya meza, kati ya betri na vioo vilivyovunjika, akafungua kinywa.

"U-u-u..."

Mteja akaingia. "Fundi, simu yangu iko tayari?" Mtangazaji akamwinulia kiganja asubiri, na dada mtu akamvuta yule mteja shati.

"U-uta-uta..."

Mtangazaji alilijua swali tangu herufi ya kwanza. Jibu lilikuwa limemjaa mdomoni, linamwasha. Akaliuma, akamtazama usoni, akangoja.

"Uta-utaolewa na mi-mimi?"

Alipohakikisha kwamba amemaliza, akasema, "Ndiyo."